Shajara ya meza ya Kerr: kupima usumaku unavyoporomoka, tukiwa Mombasa na leza ya duka

9 Januari

Chumba kimepatikana. Kilikuwa stoo ya viti vibovu, ghorofa ya chini, na dirisha lake latazama barabara ya malori yaendayo bandarini. Nimekitaka hiki kwa sababu kiko chini kabisa, sakafu ni zege juu ya mwamba wa matumbawe, wala hakuna anayetembea chini yetu. Malori nitapambana nayo baadaye.

Niseme wazi tangu mwanzo, anayesoma asije akatafuta kisichokuwepo: hatuna leza ya femtosekunde. Tulichonacho ni leza nyekundu ya nanomita 650, ndugu ya ile ya kuonyeshea ubaoni, polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu), fotodayodi ya kupimia mwanga, kadi ya Arduino ya kusomea ishara na kompyuta yenye betri ya dakika arobaini. Mradi ni kujenga meza ya Kerr, yaani ya kuusoma usumaku kwa mwanga unaoakisiwa, yenye kila kitu isipokuwa hiyo leza kubwa. Wanafunzi wazoee hapa kupanga vioo, kugeuza uga wa sumaku na kusoma ishara ndogo. Vipimo vya kasi vyenyewe vitafanywa na wenzetu ng'ambo, kwenye tando zilezile za metali na aloi (metali zilizochanganywa) ambazo nasi tunazo mezani, kisha data ije tuichambue.

Tunachotaka kukiona ni hiki. Mwaka 1996, Beaurepaire na wenzake mjini Strasbourg, Ufaransa, waliupiga utando mwembamba wa nikeli kwa mipigo ya leza ya femtosekunde 60, wakakuta usumaku umeporomoka kabla pikosekunde moja haijaisha. Wengi walitarajia ungechukua muda mrefu zaidi ya hapo, kwa hiyo habari ile ilivuruga hesabu za watu. Pikosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni elfu. Femtosekunde ni elfu moja ya hiyo. Mwanga, ambao katika sekunde moja ungeizunguka dunia mara saba na ushee, katika femtosekunde moja husogea theluthi ya maikromita, na unywele wa kichwa changu una unene wa makumi ya maikromita.

Hakuna kamera wala waya wa umeme unaoweza kufuata kasi hiyo. Ujanja uliotumika ni ule uliompa Mmisri Ahmed Zewail tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999, ila yeye alikuwa akitazama molekuli. Mpigo mmoja wa mwanga unagawanywa mara mbili: mmoja unapiga, mwingine unafika nyuma yake kidogo na kuchungulia. Unarefusha njia ya ule wa kuchungulia, unapima tena. Unarefusha, unapima. Saa yako ni rula.

21 Januari

Koili za kuzalisha uga wa sumaku zimetoka. Mzee anayezifunga mota pale Majengo, aliyestaafu kutoka karakana ya meli, alizisuka kwa siku mbili: mizunguko 200 kila upande, nusu kipenyo sentimita 5, zikiachana sentimita 5. Hesabu yasema kwa ampia 3 nipate militesla 11 katikati, na sensa ya Hall, ya kupimia uga, imenipa 10.6. Sina neno.

Alikuja mwenyewe kuziona zikifanya kazi. Baada ya robo saa akazigusa, akatoa mkono upesi.

"Mwanangu, hii yala stima kama pasi. Wapikia nini humo?"

"Ami, nataka uga tu."

"Uga hautaki kupanda moto. Waya huu ukipata moto, umeme wapungua. Hukuliona hilo?"

Sikuliona. Shaba ikipanda joto kwa digrii 40, ukinzani wake huongezeka karibu asilimia 16, na mimi nilikuwa nimeweka chanzo cha volteji isiyobadilika. Ampia 3 zilikuwa zimeshuka hadi 2.6 bila mimi kujua, na uga umeshuka nazo. Nimebadilisha chanzo kiwe cha mkondo usiobadilika. Nimemlipa Ami na chai juu.

2 Februari

Leo tumepata kitanzi chetu cha kwanza na kimetuaibisha.

Niyaeleze mambo kwa mpango. Mwanga ukiakisiwa na uso wenye usumaku, mwelekeo wa mtikisiko wake hupinda kidogo. John Kerr, Mskoti, aliligundua hili mwaka 1877 akitumia ncha ya sumaku ya umeme iliyosuguliwa ikang'aa. Kupinda kwenyewe ni kudogo mno, hakufiki hata nusu digrii kwa nikeli na chuma. Basi unaweka polaraiza ya kwanza kabla ya sampuli na ya pili baada yake, unaizungusha ya pili mpaka mwanga ukaribie kufa, kisha unaifungua digrii 2 hivi. Hapo kupinda kidogo kwaonekana kama mwanga kuongezeka au kupungua kwenye fotodayodi. Unaupandisha uga, unaushusha, unaugeuza. Utando ukiwa sumaku kweli, mchoro unakuwa kitanzi: usumaku unang'ang'ania upande wake mpaka uga uulazimishe kuhama.

Binti wa mwaka wa nne tunayefanya naye kazi alipiga kelele saa tisa alasiri. Mchoro ulikuwa mkubwa, msafi, ishara mara kumi ya tuliyoitarajia. Nikaenda kununua viazi karai vya kusherehekea.

Niliporudi alikuwa amenyamaza. "Mwalimu, tazama. Uga chanya, ishara yapanda. Uga hasi, ishara yapanda vilevile."

Kweli. Haukuwa kitanzi, ilikuwa herufi V. Usumaku wa utando hauwezi kufanya hivyo: ukiugeuza uga, wenyewe nao wageuka, na kupinda kwa mwanga kwabadilisha alama. Kilichokuwa kikitendeka ni skrubu. Kishikilio cha sampuli kilikuwa na skrubu mbili za chuma, na koili ilikuwa ikizivuta. Chuma laini huvutwa vilevile uga ukiwa huku au kule, nguvu ikienda kwa mraba wa uga. Sampuli nzima ilikuwa ikiinama, mwanga ukihama kwenye fotodayodi. Tulikuwa tumepima skrubu.

Viazi tumevila hivyohivyo. Binti ameandika neno moja kwa wino mzito kwenye karatasi akaibandika ukutani juu ya meza: GEUZA.

5 Februari

Skrubu za brasi. Duka la kwanza walinipa za stili isiyoshika kutu, nikazijaribu kwa sumaku ya spika niliyokuwa nayo mfukoni, zikashika kidogo. Duka la pili vilevile. Mwishowe nilizipata kwenye duka la vifaa vya boti. Muuzaji aliniona nikizigusa moja moja kwa sumaku akauliza kama nakagua dhahabu.

6 Februari

Kisahani cha diski kuu ya kompyuta iliyokufa. Wazo la binti, na si baya: juu yake kuna utando wa aloi ya kobalti, uso unang'aa kama kioo, na mafundi wa kompyuta wanavyo tele. Ishara haikusogea hata chembe. Nilipokaa kufikiri nikacheka. Aloi ile ilitengenezwa makusudi isigeuke ovyo, la sivyo mafaili ya watu yangefutika. Yataka mamia ya militesla nasi tuna kumi na moja. Kisahani kimebaki kuwa kioo cha kunyolea.

14 Februari

Pamaloi, yaani nikeli asilimia 80 na chuma asilimia 20, nanomita 15 juu ya kioo, kutoka kwa wenzetu. Hii ndiyo aloi laini kuliko zote mezani petu. Chini ya militesla moja imeshageuka.

Saa mbili usiku, feni zimezimwa, jasho latiririka mgongoni. Kitanzi. Kidogo, chenye chengachenga, kimesimama wima pande zote mbili kama mlango. Tukageuza nyaya za koili kwa mkono ili kuhakikisha. Kikageuka. Tukatoa sampuli, tukaweka kipande cha alumini mahali pake. Mstari mnyoofu. Tukairudisha pamaloi. Kitanzi.

Ila kila baada ya dakika kumi na kitu mchoro mzima ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu. Tuliyafuatilia hayo mpaka saa nne. Ilikuwa ni kiyoyozi cha ofisi ya jirani: kompresa ikiwaka, volteji inashuka, leza inafifia. Hilo nalo haligeuki na uga, kwa hiyo tukitoa kipimo cha uga hasi kwenye kile cha uga chanya lajifuta lenyewe, mradi vipimo viwili vifuatane haraka kuliko kompresa. Sasa tunageuza kila sekunde mbili.

1 Machi

Kicheleweshi, cha kurefusha njia ya mpigo wa kuchungulia. Hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote na ndicho kilichonitoa jasho.

Kioo juu ya gari dogo, gari juu ya reli ya printa, reli inasukumwa na skrubu ya M6 na mota ya hatua 200 kutoka printa hiyohiyo, ambayo ilikufa mwaka jana na kuniachia urithi mwema. Skrubu ya M6 husogea milimita 1 kwa mzunguko. Hatua moja kamili ni maikromita 5. Mwanga huenda kwenye kioo na kurudi, kwa hiyo njia yaongezeka maikromita 10, ambayo ni femtosekunde 33. Ukigawa kila hatua mara kumi na sita kwa umeme, hatua ndogo moja ni femtosekunde 2 na nukta kidogo.

Karatasini. Swali ni kama reli ya printa inazijua hesabu zangu. Na unaipimaje femtosekunde 2 kwa leza ya duka?

9 Machi, alfajiri

Unahesabu mistari. Mwanga wa leza nyekundu unagawanywa kwa kioo nusu tulichokitoa kwenye projekta mbovu, nusu yaenda kwenye kioo kilichotulia na nusu kwenye kioo cha gari, kisha zinakutana tena kwenye fotodayodi. Kioo cha gari kikisogea nanomita 325, njia yabadilika nanomita 650, urefu kamili wa wimbi, na mwanga pale wafifia na kuwaka mara moja. Kila kuwaka ni femtosekunde 2.2. Leza ya shilingi mia chache inakuwa saa ya femtosekunde, bila mpigo wowote.

Mchana haiwezekani. Lori likipita, mistari yacheza chakacha. Tuktuk haina neno, lakini trela lenye kontena nililihisi kwenye mistari kabla sijalisikia kwa masikio. Nimekuja saa tisa usiku. Kati ya saa tisa na nusu na adhana ya alfajiri mji ulitulia vya kutosha nikapata maelfu ya mistari mfululizo.

Kwenda mbele: hatua ndogo moja, mstari mmoja, kwa wastani. Ina mawimbimawimbi kila mzunguko wa skrubu, kwa kuwa skrubu haikunyooka sawasawa, lakini hilo laweza kuandikwa kwenye jedwali likasahihishwa. Kurudi nyuma ndiko kwenye balaa. Nilipogeuza mota, mistari haikusogea. Nikahesabu hatua ndogo thelathini, thelathini na tano, arobaini, ndipo mwanga ukaanza kupepesa. Mafundi wa magari wangesema ina plei. Hatua arobaini ni maikromita 12.5 za reli, yaani femtosekunde 83. Mpigo wa Strasbourg ulikuwa femtosekunde 60. Plei ya skrubu yangu ni ndefu kuliko tukio lenyewe.

Dawa yake ni ya zamani na ya bure: usipime ukirudi. Rudi nyuma kupita unapotaka, kisha njoo mbele daima. Nimeongeza na spring ya kalamu inayolivuta gari upande mmoja, plei ikashuka hadi hatua sita.

Mlinzi wa zamu aliingia saa kumi na nusu kuuliza kama ni mimi au ni mwizi. Nilimwonyesha mistari. Akaigusa meza kwa kidole kimoja, taratibu, akaiona ikihama. "Na mimi nikipumua?" Alipumua. Ilihama.

Aprili

Masika. Sina tarehe kwa sababu sikufanya kazi yenye tarehe. Unyevu uliingia kila mahali. Kioo kimoja kimeota ukungu, vidoa kama utando wa buibui, na hakisafishiki bila kuchubua rangi yake. Chumvi ya bahari imekula miguu ya fotodayodi mbili.

Binti amezunguka maduka ya viatu ya Mwembe Tayari akiomba vile vipakiti vidogo vya kukaushia vinavyokaa ndani ya maboksi, akarudi na mfuko mzima. Tunavikausha kwa oveni kila Ijumaa na kuvifungia na vioo ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ndoo ilikuwa ya achari. Vioo vinanukia ndimu mpaka leo.

17 Mei

Kwa kuwa mezani hakukaliki, tumehamia kwenye kompyuta. Hesabu ya halijoto tatu, iliyotolewa pamoja na kipimo cha 1996: elektroni zina joto lake, spini, yaani ile mizunguko midogo ya elektroni inayozaa usumaku, zina lake, latisi, yaani atomi zenyewe zilivyojipanga, ina lake, na kila moja inamgawia mwenziwe.

Mtu akiniuliza kwa nini joto tatu ndani ya kipande kimoja, namwambia afikirie sufuria ya bati na chungu cha udongo, kila kimoja mekoni pake. Elektroni ni sufuria ya bati: zinahitaji joto kidogo sana kupanda, na mwanga wa leza unaanza kwao. Latisi ni chungu kizito. Ndani ya mamia machache ya femtosekunde sufuria imeshachemka na chungu hakijajua kama kuna moto. Spini ziko kati yao, na ubishi wote wa miaka hii ni nani anayezipa joto, kwa njia gani, na ule mzunguko wake wakati usumaku unapotea unakwenda wapi, maana mzunguko haufutiki hivihivi.

Binti aliandika programu kwa Python jioni moja. Mchoro wa kwanza: hakuna kilichotokea. Elektroni zimekaa kwenye kelvini 300 kana kwamba leza haijawashwa. Tulitafuta kosa la alama, la vipimo, la mabano. Kosa lilikuwa la mwendo: alikuwa amechagua hatua za femtosekunde 200, na mpigo wa femtosekunde 60 ulipita katikati ya hatua mbili bila kuonwa, kama mtu anayekuchungulia kila baada ya saa na wewe ukaiba nazi ndani ya dakika tano. Kwa hatua ya femtosekunde 1 elektroni zilirukia juu ya kelvini elfu na spini zikafuata.

Tulikaa kidogo na jedwali la joto ambalo usumaku hufa kila metali. Kobalti karibu kelvini 1390, chuma 1043, nikeli 627. Gadoliniamu 293, ambazo ni nyuzi 20. Binti akatazama kipimajoto ukutani, nyuzi 29. Kwa hiyo gadoliniamu hapa kwetu si sumaku labda uiweke kwenye friji.

Lakini ndani ya aloi yajikaza. Ikichanganywa na chuma na kobalti, chuma hushikana nayo kwa nguvu kiasi kwamba inabaki na mpango wake hata katika joto letu, ila imeelekea upande uliopingana na chuma. Ndiyo aloi maarufu kuliko zote kwenye kazi hii. Mwaka 2007 Stanciu na wenzake mjini Nijmegen, Uholanzi, waliigeuza usumaku wake kwa mipigo ya mwanga peke yake, bila uga wowote. Mwaka 2011 Radu na wenzake waliitazama kwa miali ya eksirei mjini Berlin, ambayo inaweza kukitambua chuma peke yake na gadoliniamu peke yake. Chuma kilipoteza usumaku wake katika femtosekunde 300 hivi, gadoliniamu ikachukua karibu pikosekunde moja na nusu. Kwa kuwa mmoja alitangulia, kilipita kitambo kifupi ambapo wote wawili, waliozoea kupeana migongo, walielekea upande mmoja. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba joto pekee latosha kuigeuza. Mwanga wa kuonekana, kama wetu, wakisoma zaidi chuma. Gadoliniamu kwa Kerr huioni vizuri. Kwa hiyo sisi tumebaki na nikeli na pamaloi, na sijutii.

11 Juni

Usiku wa data. Saa tatu usiku kwetu, mchana kwa wenzetu, video inakatikakatika. Utando ni nikeli, nanomita 20. Walikuwa na kicheleweshi cha kununua, kinachosogea kimyakimya bila kulalamika. Nilikionea wivu.

Kwanza wanatafuta sifuri, mahali mpigo wa kupiga na wa kuchungulia vinapofika pamoja. Yataka subira. Sentimita moja ya kosa kwenye njia ya vioo ni pikosekunde 33 za kutazama mahali ambapo hakuna kitu. Wakaipata. Kisha mstari ukaanza kuchorwa, nukta baada ya nukta: mnyoofu, mnyoofu, halafu mwiba mkali pale kwenye sifuri, halafu mporomoko ndani ya robo ya pikosekunde hivi, halafu kupanda taratibu kwa pikosekunde kadhaa kadiri elektroni zinavyomwachia chungu joto.

Wote tulishangilia. Binti peke yake alikuwa kaegemea skrini.

"Waulize, ya uga uliogeuzwa iko wapi?"

Niliuliza. Kimya kidogo, nikadhani mtandao umekata tena. Haikuwepo. Siku hiyo walikuwa na sumaku ya kudumu upande mmoja tu, ya umeme ilikuwa kwa fundi, na walidhani kwa jaribio la kwanza itatosha.

Haitoshi, na sisi twajua kwa nini, tuliopima skrubu. Mpigo unaopiga unabadilisha pia jinsi metali inavyoakisi mwanga, na hilo laingia kwenye fotodayodi bila kujali usumaku. Ule mwiba wa sifuri niliushuku tangu nilipouona.

Niliwaambia kwa adabu. Walikubali kwa adabu vilevile, na kwa haraka, jambo lililonipendeza.

26 Juni

Imekuja, uga chanya na uga hasi, zimefuatana kila nukta. Tumetoa moja kwenye nyingine. Mwiba wa sifuri umepungua sana, robo tu imebaki. Mporomoko umebaki palepale. Kupona kwake kumebadilika umbo kidogo: sehemu ya ule mkia mrefu tuliokuwa tukiuita usumaku ilikuwa ni metali kupoa tu.

Tumejumlisha badala ya kutoa pia, kwa udadisi, na huko ndiko mwiba ulikokimbilia.

Tulioanisha na hesabu ya halijoto tatu. Baada ya pikosekunde nusu inakaa vizuri sana juu ya nukta. Kabla ya hapo hesabu inachelewa kidogo nyuma ya data. Binti alitaka kuizungusha namba ya kuunganisha elektroni na spini mpaka ikae. Nimemkataza kwanza. Ile robo ya mwiba iliyobaki, inayogeuka na uga kama usumaku halisi, ni ya nani?

8 Julai

Swali hilo si letu la kwanza kuliuliza. Mwaka 2000 Koopmans na wenzake wa Eindhoven, Uholanzi, walilileta waziwazi kuhusu nikeli: katika kitambo cha mwanzo kabisa, tunachokiona ni usumaku au ni mwanga wenyewe umechezewa na elektroni zilizovurugwa? Walipima vitu viwili. Mwanga ukiakisiwa na utando wenye usumaku, mwelekeo wake hupinda, na pia mtikisiko wake hupanuka kidogo ukawa duaradufu. Kama ni usumaku pekee uliopungua, vyote viwili vyapaswa kushuka kwa kiwango kimoja, wakati mmoja. Walikuta mwanzoni havifuatani.

Kwa hiyo neno la ukutani lilikuwa kweli, ila ni nusu ya kazi. Kisichogeuka na uga si usumaku. Kinachogeuka huenda kikawa bado si usumaku. Nilimwambia binti, akaenda ukutani akaongeza chini ya GEUZA kwa kalamu ndogo: na duaradufu je?

Wenzetu walikuwa na kioo cha robo wimbi, kinachowezesha kuisoma duaradufu, wakakiweka kabla ya polaraiza ya pili na kurudia usiku mzima. Tumepokea leo saa sita. Kupinda na duaradufu, kila kimoja kimegawanywa kwa thamani yake ya kabla ya mpigo, vimechorwa pamoja: katika femtosekunde 100 za kwanza vinaachana, kimoja kinatangulia kushuka na kingine kinasita. Baada ya femtosekunde 200 vinakanyagana nyayo mpaka mwisho.

Nukta zote za kabla ya femtosekunde 200 tumezipaka rangi ya kijivu. Ripoti itazionyesha lakini namba za kasi hatuzitoi humo. Binti hakufurahi, kwa maana ndimo mlimokuwa na mteremko mkali wenye kupendeza. Hesabu ya halijoto tatu sasa tunaioanisha na nukta nyeusi tu, na ile namba ya elektroni na spini imekaa yenyewe bila kuzungushwa.

12 Julai

Kusi imeanza kukaza, hewa imekauka kidogo, vioo vimetoka kwenye ndoo. Kioo cha robo wimbi cha kwetu tumeagiza, kingali njiani. Mpaka kifike hapa tutapima pamaloi kwa kupinda tu.

Spring ya kalamu imechoka, plei imepanda tena hadi hatua kumi na moja. Ami wa Majengo amesema atanipa ya kabureta. Kesho saa tisa usiku nahesabu tena mistari. Mlinzi ameshaarifiwa, na ameuliza kama aje na kahawa.